Mabozhuri Yaliyohama na Bibi

Pernik, 17 Septemba 1978

Shangazi Dafina,

Shikamoo. Sisi huku ni wazima kupita kiasi. Baba anakohoa kama lori la makaa, lakini ukimwambia anakohoa anakasirika, kwa hiyo tuseme hakohoi. Mama amechoma pilipili na kuzijaza kwenye chupa mpaka jikoni hapana pa kukanyaga. Mimi mpwa wako naendelea kunawiri. Kwenye kiwanda cha matofali wameanza kuniita fundi, na nina miezi michache tu. Wale walimu walioniambia sitafika popote waje waone nilipofika.

Sasa neno lenyewe. Bibi amefika salama. Nilimfuata huko Slivak na lori la kiwanda lililokuwa linarudi tupu, dereva rafiki yangu, anaendesha vibaya lakini ana moyo. Tulipakia kitanda, kasha lake la nguo, picha ya marehemu Babu, na mapipa mawili ya kabichi ya chumvi. Bibi akakataa kupanda. Akaweka kiti katikati ya uwanja, akakaa, mkoba mapajani, kama anangoja treni. "Kwanza mabozhuri," akasema, "halafu mimi." Basi nikachimba. Mashina matatu ya maua yake hayo, mawili mekundu na moja jeupe, mizizi mikubwa kama viazi vikuu, mgongo wangu mpaka leo unanililia.

Najua Babu alikuandikia wewe hiyo nyumba na uwanja wake, na kwamba wewe na mjomba Stamen mnahamia mwezi ujao yeye akishapata pensheni yake. Ndiyo maana nakuandikia mapema na kiungwana, nisije nikaitwa mwizi. Asante sana kwa mabozhuri, shangazi. Asante, asante tena.

Mwenye adabu kuliko wote katika ukoo huu,
Penyo

*

Slivak, 9 Oktoba 1978

Penyo,

Msalimie kaka yangu Minko, umwambie anywe chai ya majani ya mlimani aache sigara. Msalimie Vena na pilipili zake. Mjomba wako Stamen hajambo, ila paa linavuja na amepanda juu akiwa na miaka sitini, kwa sababu wewe fundi ulikuja na lori, ukaona vigae vimevunjika, ukaviacha.

Nimefika kwangu. Nimefungua lango. Mbele ya dirisha, pale ambapo macho yangu yalitua tangu nilipozaliwa, nimekuta mashimo matatu. Kuku wa jirani wanaogea vumbi humo.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikidhani sijui kusoma. Umeniandikia asante! Wewe ulizaliwa wapi? Nani alikulea? Mmea hauombwi na haushukuriwi. Mtu akitaka kukupa, anakugeuzia mgongo, anajifanya anaangalia kuku. Wewe unachomoa, unaenda zako, naye kesho yake anapiga kelele mtaa mzima kwamba kaibiwa. Ndivyo mmea unavyoshika. Ukishasema asante, umeshauua. Na wewe umesema asante nimehesabu mpaka nimechoka. Basi yawakaukie huko, mnastahili.

Lakini sitangoja yakauke. Mabozhuri ni ya uwanja na uwanja ni wangu. Mpaka Siku ya Mtakatifu Dimitar, mwishoni mwa mwezi huu, yawe yamerudi kwenye mashimo yake, na usiniletee wewe, mtume baba yako.

Dafina

*

Pernik, 22 Oktoba 1978

Shangazi mpendwa, mpenda amani,

Baba anasema hasafiri kwa ajili ya majani. Anakohoa. Mama amekutumia salamu, nazo nimezipunguza kidogo kwa usalama wako.

Nimesoma barua yako kwa sauti mezani, na uigizaji juu. Pale penye kuku wa kuogea vumbi nilipiga mabawa. Bibi alicheka mpaka akashika kiuno chake kibovu. Kwenye nyumba hii ni yeye peke yake anayecheka nikiongea, kwa hiyo nimempa chumba changu, mimi nalala jikoni pamoja na mapipa ya kabichi. Uone nilivyo mtu.

Yale mashina yako chini ya dirisha lake, nyuma ya jengo letu, kwenye ukanda wa udongo ambapo mwenyekiti wa jengo alitaka kuweka benchi. Nilimwambia ni mimea ya tiba ya moyo. Akaandika kwenye daftari lake akaondoka.

Kuhusu kuyarudisha, nimemfikishia Bibi agizo lako. Jibu lake ni fupi: "Yakiondoka, naondoka nayo." Kwa hiyo chagua. Hayo mabozhuri siku hizi yanakuja na bibi kizee mmoja, mwenye kiuno kibovu na mdomo mzima, anayetaka chumba kilekile cha kando ya tanuri ambacho nasikia mjomba Stamen ameshaweka redio yake humo. Niwapakie wote wawili, mzee na mmea?

Halafu jambo dogo. Umemsalimia Baba, umemsalimia Mama, pilipili umezisalimia. Bibi je, mama yako mzazi? Yeye alisikiliza barua mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Upande wa pili hamna kitu?" Nikageuza karatasi. Ilikuwa tupu.

Kwenye kiboksi hiki cha viatu nimeweka kipande cha mzizi wa shina jekundu. Ukipande, ukae kimya.

Penyo

*

Slivak, 14 Januari 1979

Penyo,

Heri ya mwaka mpya kwa Minko na Vena. Huku theluji imefika kwenye vitasa. Mbuzi wa Stamen amekufa.

Kiboksi chako nimekirudisha kwa posta siku ileile. Kama kimechelewa si kosa langu. Sipokei mmea wa kupewa. Wa huruma ndio kabisa.

Unaniuliza kwa nini simsalimu. Wewe mtoto uliyeshindwa hesabu za darasa la saba unataka kufundisha watu salamu. Haya, fungua masikio.

Mwaka nilioolewa, harusi ilikuwa mwezi wa tano, mabozhuri yamechanua yote. Wakwe walikuja kutoka Burgas, watu wa mji, wamevaa viatu vyeupe. Nilikuwa nahama nyumba niliyozaliwa kwenda kukaa ghorofa ya nne mbele ya bahari nisiyoijua. Kasha langu likapakiwa, mito, mablanketi, mpaka chungu cha maharage. Nikataka kitu kimoja tu, kipande cha lile jeupe, nikipande hata kwenye debe. Bibi yako akaenda akasimama mbele yake, mikono kiunoni, kama askari wa mpakani. Hakuondoka hapo mpaka gari letu lilipopinda kanisani. Sikupewa hata jani.

Miaka ishirini na tisa nimekaa ghorofa ya nne na debe lenye kitunguu.

Nilipohama mimi, nilihama mikono mitupu. Anapohama yeye, anang'oa uwanja mzima. Na wewe unamchekesha.

Sasa ardhi imeganda, haichimbiki. Sawa. Vuli ikifika nitakuja Pernik mwenyewe na Stamen, na gunia, na polisi wa kijiji ambaye ni binamu yake. Nitachimba yote matatu mbele ya macho ya bibi yako. Akitaka kurudi nayo, arudi, alale na mbuzi.

Mbuzi amekufa, nafasi ipo.

Dafina

*

Pernik, 25 Februari 1979

Shangazi,

Pole na mbuzi. Kiboksi kimefika. Mzizi umekuwa kama kidole cha maiti. Nimemficha Bibi asiuone.

Barua hii sikutaka kuisoma mezani. Nilimwambia Bibi hakuna jipya, mbuzi tu. Akanyoosha mkono. "Lete. Naona umeikunja kama mtu aliyeiba yai." Yeye kusoma hajui, unajua, lakini akiishika karatasi utadhani anasikia joto lake. Nikasoma yote. Sikupiga mabawa.

Akasogeza kikombe chake cha chai pembeni. Halafu akaanza, na mimi naandika alivyosema, sijaongeza chumvi, jambo ambalo kwangu ni gumu.

"Mimi siku ile," akasema, "niliamka nikaenda kwa jirani, kwa Tsona. Siku ya harusi ya binti yangu, wageni kibao, mimi nakwenda kukaa kwa jirani! Watu wakanishangaa. Nilikaa huko makusudi. Jembe dogo nililiacha limelala palepale, kwenye lile jeupe. Nilikaa kwa Tsona mpaka nikala mkate wao wote. Narudi, jembe liko vilevile. Shina liko vilevile. Na yeye yuko katikati ya uwanja, amekunja mikono mbele ya wakwe, ananiita: Mama, tafadhali, naomba kipande cha bozhuri, na asante sana. Kama yuko dukani! Mbele ya watu!"

Nikamwuliza, "Sasa ungempa, ingekuwaje?"

"Ningempa nini, shina lililokwisha kushukuriwa? Lingemfia Burgas, mama mkwe wake angesema bibi harusi ana mkono wa nuksi. Nikasimama mbele yake nilizuie lisichimbwe. Nilifikiri ataelewa. Alikuwa na akili, huyo."

Halafu akaniambia nitoke nje nikalete makaa, na ndoo ilikuwa imejaa.

Ndiyo hivyo. Mimi si hakimu. Lakini kama mngekuwa wanaume mngepigana ngumi mara moja mwaka ule mkamaliza.

Usije na polisi. Kiuno cha Bibi hakiwezi tena nyumba isiyo na joto, na mimi huwa napigana vizuri.

Penyo

*

Slivak, 29 Aprili 1979

Penyo,

Msalimie baba yako. Nimesikia kwa watu kwamba kikohozi kimeshuka kifuani. Aende hospitali, asijifanye chuma.

Uongo mtupu. Hakukuwa na jembe.

Na kama lilikuwepo, lilikuwa lile lenye mpini uliovunjika, nani angechimba nalo? Nilikuwa nimevaa nguo ya harusi ya kuazima, na soksi nyeupe. Mama mkwe alikuwa ameniambia garini, "Sisi kwetu mtu akitaka kitu anaomba vizuri." Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Niliomba vizuri.

Usiniandikie tena mambo ya jembe.

Vuli nakuja.

D.

*

Pernik, 10 Juni 1979

Shangazi,

Baba amelazwa wiki nzima, sasa ametoka, amekatazwa sigara, anavuta chooni. Salamu zake.

Nakuandikia uchekelee, najua utachekelea. Mabozhuri yameota majani, mazito, ya kung'aa, mabua mekundu kama masikio ya mtoto aliyepigwa. Ua, hakuna. Hata kitumba kimoja. Mwezi wa tano wote Bibi alikaa dirishani toka asubuhi anatazama chini. Majirani wakawa wanapita wanamwuliza, "Vipi Bibi Zlata, kabichi inaendeleaje?" Mwenyekiti wa jengo ameleta tena habari ya benchi.

Bibi hasemi ni kwa sababu yametikiswa, na mimi sisemi niliyapanda chini sana, ingawa mzee mmoja wa kiwandani ameniambia yanataka kufunikwa kwa vidole viwili tu, nami niliyazika kama mbwa anavyozika mfupa. Nimeshayapandisha juu. Bibi anasema ni ile asante yangu. Anasema sisi wote wawili, mimi na wewe, midomo yetu imefanana. Sikujua kama ni tusi kwangu au kwako.

Jana alinitaka nimtafutie lori. "Lilipata nafasi kuja, litapata nafasi kurudi," anasema. "Nirudishe. Yamekasirika hapa, na mimi nimekasirika." Nikamwuliza ataishije na wewe. Akasema, "Tutanyamaziana. Tunajua."

Nimemwambia lori limeharibika. Nitaendelea kuliharibu mpaka lini?

Penyo

*

Slivak, 1 Agosti 1979

Penyo,

Hatuna nafasi. Chumba cha tanuri kina redio.

Anakula?

Dafina

*

Pernik, 19 Agosti 1979

Anakula. Supu ya maziwa na mkate, na roho yangu.

Penyo

*

Pernik, 16 Septemba 1979

Shangazi Dafina,

Shikamoo. Baba nafuu. Mama anachoma pilipili, macho yananitoka machozi, usije ukadhani nalia.

Ule msimu wako umefika. Unajiandaa na gunia na binamu wa mjomba, najua. Basi kabla hujamsumbua polisi wa watu, sikia habari za huku, habari za kawaida tu, sijui hata kwa nini nakupa.

Jengo letu ni la tano kutoka kituo cha treni, lina ukuta uliochorwa herufi ya bluu. Nyuma hakuna uzio. Mbwa wa ghorofa ya chini ni kiziwi. Jumamosi ya tarehe 6 Oktoba mimi nitakuwa kiwandani, Baba na Mama watakwenda ubatizo wa mtoto wa mpwa wa Mama, watakunywa, watachelewa. Bibi atabaki peke yake.

Na jambo la ajabu. Bibi, ambaye kiti chake hakijaondoka dirishani tangu alipofika, jana ameniambia, "Penyo, Jumamosi ile ya ubatizo nigeuzie kiti. Nataka kutazama jiko." Nikamwuliza, "Kutazama jiko, Bibi? Lina nini?" Akaniambia, "Lina moto, mjinga wewe. Na ukiondoka, beleshi lako usilifungie. Limekuwa likikutana na mvua siku zote, siku moja zaidi haliozi."

Ndiyo hivyo tu. Usijibu, usishukuru. Ukiandika neno lile, naapa nitakuja huko nikung'oe meno.

Penyo

*

Slivak, 27 Septemba 1979

Penyo,

Mimi sina muda wa kusoma upuuzi wako, nina nyanya za kuchemsha. Sijui umeniandikia nini wala sitaki kujua. Siji huko. Nikija nitakuja na polisi kama nilivyosema, na saa nitakayotaka mimi.

Mwambie baba yako kwamba treni ya asubuhi kutoka huku siku hizi inafika Pernik saa saba mchana. Ni habari tu. Watu husafiri.

Beleshi la mjini halifai kitu. Kila mtu anajua.

Dafina

*

Pernik, 8 Oktoba 1979

Shangazi,

Sisi wazima. Nakuletea habari mbaya: tumeibiwa.

Jumamosi niliondoka kwenda kiwandani, lakini nilifika kona tu, nikakaa kwenye kibanda cha magazeti kinachotazama nyuma ya jengo letu, kwa sababu mimi ni fundi na fundi anasimamia kazi. Saa saba na nusu akatokea mwizi. Mwanamke, koti la kahawia, kitambaa kichwani kimefungwa mpaka puani kana kwamba Pernik nzima inamjua. Kwenye mfuko wake mpini wa jembe umetokeza nje, jembe lake mwenyewe. Beleshi langu alilitazama, akalisukuma kwa mguu.

Shangazi, mwizi huyo alichimba vibaya! Alikuwa analia na kuchimba kwa wakati mmoja, na kila akisikia mlango anajificha nyuma ya kamba ya nguo za watu. Mbwa kiziwi alikaa pembeni akamtazama mpaka mwisho. Alikata nusu ya shina moja, nusu ya pili akaifukia vizuri, hilo nampa sifa, vidole viwili tu vya udongo. Akafunga nusu yake kwenye gunia lililoloweshwa maji. Akanyoosha mgongo. Akatazama juu, kwenye dirisha.

Dirishani kulikuwa na mgongo wa Bibi, na kisogo chake, na kile kitambaa chake cheusi. Havikugeuka.

Alisimama hapo, yule mwizi, muda ambao ningevuta sigara mbili kama ningekuwa navuta, na Mama asione barua hii. Nikadhani atapanda ngazi. Hakupanda. Akaenda kituoni, anatembea haraka, na gunia amelibeba kifuani, si begani.

Mimi nikaingia ndani mbio. Bibi yuko vilevile, jiko limezimika kitambo, anatazama jiko lililozimika, mikono kwenye mapaja.

"Ameondoka?" akaniuliza.

"Nani, Bibi?"

"Mwizi."

"Ameondoka."

"Amekonda?"

"Ana koti. Sikuona."

Akauliza tena, "Kachukua lipi?"

Nikamwambia, "Jeupe."

Shangazi, ungemwona! Aligonga kiti kwa kiganja mpaka vikombe vikalia. "Jeupe! Lile linalochanua mwaka mmoja na kununa miwili! Mekundu yako pale mawili, manono, yananitazama, yeye kachukua jeupe! Miaka yote hii na hata kuiba hajui!" Halafu akatafuta kitambaa chake cha pua, akakikosa, akatumia changu.

Nikashika kalamu nikuandikie kama alivyosema. Akanizuia mkono.

"Usimwandikie hayo, ataudhika. Mwandikie hivi: Jumamosi ijayo pia nitakuwa natazama jiko. Na mlango wa juu haufungi sawasawa, ukisukumwa unafunguka."

Mimi niliyewachoka nyote wawili,
Penyo